Jinsi ya kuchagua na kuandaa samaki Kigoma bila kujilisha kemikali

Wadau habari zenu. Hii naiandika kwa mtu anayeenda sokoni mwenyewe na kupika mwenyewe, awe Ujiji, Mwanga, Kibirizi au Katonga, na nyie wa Tabora mnaokula dagaa wetu walioshuka na treni mna haki ya kujua pia. Kila nikigusa habari ya kemikali kwenye samaki watu wanagawanyika, kuna anayesema ziwa letu safi bwana acha kutisha watu, na kuna anayesema basi mi samaki ndo mwisho nakula maharage. Wote nawakatalia. Samaki usiache, kwa mkoa kama wetu ambao bado tuna watoto waliodumaa, dagaa ndo nyama mtoto wa mtu wa kawaida anayoweza kuipata, ina protini, ina kalsiamu, ina mafuta yanayojenga ubongo. Ila ukijua sumu inapoingilia unaikwepa nyingi kwa hela ileile unayoenda nayo sokoni, na ninavyoona mimi nyingi ambayo tunaweza kuizuia wenyewe haipo kule ziwani kwenye kina, ipo kati ya mwalo, pale samaki wanaposhushwa, na sufuria.

Kabla ya hatua zenyewe shika mambo mawili tu.

La kwanza, moto hauondoi kemikali zote. Tumezoea kwamba ukichemsha vizuri vijidudu vinakufa na ni kweli vinakufa, lakini zebaki, risasi na kadimiamu ni metali, haziungui, na zikishakuwa ndani ya samaki jiko lako la mkaa haliziondoi. Zebaki ndo mbaya zaidi kwa hilo mana imeshikana na nyama yenyewe ya samaki, hata umtoe ngozi na mafuta bado ipo, ukimkausha maji ndo yanatoka yeye anabaki nayo. Kilo moja ya dagaa wakavu imetokana na kilo tatu mpaka nne hivi za wabichi, kwaiyo chochote kilichokuwemo kwenye wale wabichi kimekusanyika humo. DDT na ndugu zake, yaani dawa za zamani za kuua wadudu, ni tofauti kidogo, hizo zinakaa kwenye mafuta, na kitu kinachokaa kwenye mafuta unaweza kukipunguza kwa kisu, nitafika huko.

La pili, ziwa letu lina tabia yake. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na maji yake yana mto mmoja tu wa kutokea nje, Lukuga, kule upande wa Kongo, kwaiyo maji yanakaa humo mamia ya miaka kabla ya kutoka. Upande wa kuingia sasa ndo milango mingi. Malagarasi peke yake inabeba maji ya Kibondo, Kasulu, Uvinza, na kupitia Ugalla na Igombe inabeba mpaka ya Tabora na Urambo kwenye tumbaku, na tumbaku kila mtu anajua inavyopigwa dawa. Kule kaskazini kuna jiji la Bujumbura na viwanda vyake. Watafiti walishapima samaki wa ziwa hili, upande wa Burundi na upande wetu, wakakuta mabaki ya DDT. Kukuta mabaki sio sawa na kusema ukila utaumwa, tusitishane, lakini inatosha kumwambia yule anayesema hakuna kitu kwamba kitu kipo.

Haya sasa twende.

Hatua ya kwanza: uliza samaki katoka wapi na kavuliwaje

Hii watu wanaiona kama usumbufu ila ni bure kabisa. Mfikie mama anayeuza kwa heshima tu:

"Shikamoo mama. Hawa wa wapi leo?"

"Marahaba mwanangu, wa Katonga hawa, wameingia alfajiri."

"Wamevuliwa nje au hapahapa pembeni?"

"Hawa wa nje, wa taa. Wale kwenye beseni ndo wa pembeni."

Kwa maswali mawili umeshapata habari kubwa. Dagaa na migebuka wanavuliwa mbali na ufukwe, usiku, kwa taa, huko maji ni mengi na uchafu unapungua nguvu. Samaki wa pembeni, hasa wanaokaa chini kwenye tope kama kambale, wanakula kile kilichotulia kwenye tope, na tope la karibu na bandari, karibu na gereji, karibu na mfereji wa mji au mdomo wa mto ndo linashika metali na mafuta ya mashine. Simaanishi kambale wote wabaya, kambale wa bwawa lililo mbali na mashamba ya dawa mi nakula. Ila kambale aliyenaswa hatua chache kutoka mfereji unaoshusha maji machafu huyo muache, na hao watoto wanaovua kwa ndoano pale bandarini wakileta samaki nyumbani usiwafanye mboga ya kila siku.

Kama uko karibu na machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, Nzega na kwingineko, swali lako liwe moja: lile bwawa au kile kijito kinapokea maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu? Kama ndio basi samaki wa hapo sio wa kula, mana wachimbaji wanakamatia dhahabu kwa zebaki, nyingine inaenda hewani wakichoma na nyingine inaondoka na matope mpaka kwenye maji.

Hatua ya pili: chagua mdogo kabla ya mkubwa

Hapa ndo penye uzito kwaiyo nitakaa kidogo, mnivumilie.

Zebaki ikifika kwenye tope la chini ya maji, bakteria wanaigeuza kuwa zebaki ya aina nyingine ambayo mwili unaifyonza kirahisi sana. Vijimea vidogo vya majini vinaibeba, vidudu vinakula vijimea, dagaa anakula vidudu, mgebuka anakula dagaa, sangara mkubwa anakula hao wote, na kila mmoja anarithi ya wale aliowala wote maisha yake yote. Kwaiyo yule wa juu kabisa aliyeishi miaka mingi anaweza kuwa na zebaki mara milioni na zaidi kuliko maji anayoogelea. Maji unaweza ukayapima ukaambiwa safi, na kweli ni safi, na samaki mkubwa wa humohumo akawa na kiwango kingine kabisa.

Dagaa wetu anaishi mwaka mmoja hivi, anakula vidudu vidogo, hana muda wa kukusanya. Ndo mana kwa habari ya zebaki dagaa ni chaguo zuri, na ngege pia mana chakula chake kikubwa ni majani na vijimea. Mgebuka yuko katikati, anakula dagaa lakini sio samaki mkubwa sana, wale wadogo wa saizi ya kiganja kwenda juu kidogo ni afadhali kuliko wale waliokomaa. Kuhe na sangara wakubwa hao ndo wa kula mara mojamoja, na kadri anavyokuwa mkubwa ndo anavyozidi umri. Najua sokoni mkubwa ndo wa heshima, mgeni akija ananunuliwa sangara wa kujaza beseni, sawa, mgeni akishaondoka rudini kwenye dagaa.

Sasa nani aangalie zaidi? Mama mjamzito, anayenyonyesha, anayepanga kubeba mimba, na mtoto mdogo. Zebaki hii inavuka kondo la nyuma na kwenda kwenye ubongo wa mtoto unaojengeka. Kule Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki kwenye ghuba kuanzia 1932 mpaka 1968, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956, na kilichowachanganya madaktari ni mama anaonekana mzima au ana ganzi kidogo tu ya vidole halafu anazaa mtoto ambaye mikono na miguu haimtii, hawezi kutafuna, hawezi kuongea. Hao walikuwa watu wa mwambao kama sisi, mboga yao samaki asubuhi na jioni. Kiwango chao kilikuwa kikubwa mno na sisemi Kigoma tuko hapo, hatuko, ila njia iliyopita sumu ni hiihii ya sahani. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki wa 2013 unaitwa kwa jina la mji huo na Tanzania imo.

Na kwa nini nimetaja anayepanga mimba? Mana zebaki ikishaingia mwilini inachukua kama siku 50 mpaka 70 kupungua nusu yake, kwaiyo ukianza kujali mwezi wa tatu wa mimba umechelewa, ile ya zamani bado unayo.

Tupige hesabu kidogo. Kiwango ambacho mashirika ya dunia ya chakula (FAO) na afya (WHO) wanakubali ni mikrogramu 1.6 za zebaki hiyo kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki. Mwanamke wa kilo 60 anakuwa na nafasi ya mikrogramu 96 kwa wiki. Viwango vingi vya biashara vinaruhusu samaki wa kawaida awe na miligramu 0.5 kwa kilo, sasa samaki akiwa hapohapo kwenye mwisho wa ruhusa, gramu 190 tu zinammalizia yule mama nafasi yake ya wiki nzima, ni kipande kimoja kizuri cha sangara. Mtoto wa kilo 12 nafasi yake inaisha kwenye gramu 38, tonge mbili tatu hizo. Chukua samaki mwenye kiasi hicho mara kumi pungufu, yule mama anaweza kula karibu kilo mbili kwa wiki na bado yuko ndani ya mstari. Kuchagua aina ya samaki kuna nguvu kuliko kupunguza samaki.

Kwa ratiba ya nyumbani mi nashauri hivi. Mjamzito ale samaki mara mbili mpaka tatu kwa wiki, dagaa au ngege au migebuka wadogo, jumla gramu 230 mpaka 340 za nyama tayari kwa kula, ndo kiasi ambacho mamlaka za Marekani wanawashauri wajawazito wao kwa samaki wenye zebaki kidogo, wakubwa wanaowinda samaki wenzao awaache mpaka amalize kunyonyesha. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 3 gramu kama 28 kwa mlo, wa miaka 4 mpaka 7 gramu 57, mara mbili kwa wiki panatosha kwa upande wa samaki, siku nyingine maharage, mayai, karanga. Baba na vijana hawana shida hiyo sana lakini nao wasile sangara mkubwa kila siku.

Hatua ya tatu: dagaa wakavu, kagua walivyoanikwa na walivyohifadhiwa

Ziwani dagaa yuko vizuri, anaharibikia nchi kavu. Dagaa tunamla mzima, kichwa, utumbo, mifupa na mashavu, kwaiyo kila kilichomdondokea juu tunakila, hatuna pa kumenya.

Chukua kiganja kimoja cha dagaa usogeze puani kabla hujauliza bei. Dagaa mzuri ananukia samaki mkavu na jua basi. Ukisikia mafuta ya taa, dizeli, au ile harufu kali ya dawa ya kupuliza inayokuja na utamutamu wa ajabu, rudisha taratibu uende kwa mwingine. Wamwage kiganjani waangalie rangi, Kigoma wale wa daraja la kwanza wanang'aa fedha, wamenyooka, ukimkunja anakatika. Anayepinda kama kamba hajakauka, na ambaye hajakauka ndo anayeleta nzi na wadudu wanaotoboa, na mchuuzi mwenye wadudu ndo anayeshawishika kuchukua dawa ya mbu au ya shambani akapuliza juu ya gunia. Hizo dawa zimetengenezwa kuua mfumo wa fahamu wa mdudu, na mfumo wa fahamu wa mtoto wako nao unaumia kwa njia hiyohiyo. Kwaiyo mdudu mmoja wawili kwenye dagaa usiwaogope kama unavyoogopa gunia la miezi mingi ambalo halina hata dalili ya mdudu na lina harufu ya dawa.

Angalia na mfuko. Hii naisema kwa msisitizo mana nimeiona mno: dagaa wamejazwa kwenye viroba vilivyokuwa vya mbolea, au magunia yaliyobeba mbegu zilizotiwa dawa zile za rangi nyekundu, au ndoo iliyokuwa ya dawa ya tumbaku. Kuosha kiroba hakutoshi, dawa inazama kwenye nyuzi za plastiki. Ukiona maandishi ya mbolea kwenye kiroba kata shauri hapohapo.

Halafu uliza wameanikwa kwenye nini. Chanja iliyoinuliwa yenye wavu ndo nzuri, mchanga safi wa ufukweni unakaa katikati, pembeni ya barabara ya magari au kwenye uwanja uliomwagika oili hapana kabisa, vumbi la hapo lina metali na moshi wa magari.

Ukifika nyumbani toa vichwa na utumbo kama unapikia mtoto au mjamzito, ni kazi lakini wenzako wakikusaidia hamchukui muda. Osha kwa maji ya uvuguvugu ukibadilisha mara tatu, usiwaloweke kwenye maji yaleyale ukaja kuyapikia. Vumbi na dawa ya juujuu inapungua hapo. Iliyoingia ndani haitoki, ndo mana pua ilitangulia sokoni.

Hatua ya nne: samaki wa moshi

Mgebuka wa moshi kwenye mawese na ugali wa muhogo, hapo sina la kubishana na mtu. Lakini moshi wenyewe ni kemikali. Kuni zikiungua bila hewa ya kutosha, na mafuta ya samaki yakidondokea motoni, zinatengenezwa kemikali za masizi, moja wapo inaitwa benzopairini, na shirika la dunia la utafiti wa saratani limeiweka kundi la kwanza, yaani inasababisha saratani kwa binadamu bila ubishi. Ulaya tangu 2014 wanataka isizidi mikrogramu 2 kwa kilo ya samaki wa moshi, na mabaniko ya moto wa wazi yanaweza kuvuka hapo kirahisi.

Uzuri ni kwamba sehemu kubwa inakaa nje, kwenye ngozi na masizi. Kwaiyo chagua aliyekuwa rangi ya kahawia ya dhahabu, mweusi tititi muache. Nyumbani mkwangue masizi kwa kisu, mmenye ngozi yote, ngozi usiirudishe kwenye mchuzi kutafuta ladha na usiwape watoto kutafuna. Osha nyama kwa maji ya moto, mwaga hayo maji, ndo uanze kuunga. Usile wa moshi kila siku, changanya na wa kukausha jua na wabichi.

Na kuni uulize. Mbao zenye rangi, mbao za vitanda vya zamani zenye vanishi, vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa, plastiki, tairi kwa ajili ya kuwashia, vyote hivyo vinaenda moja kwa moja kwenye samaki, na nguzo zenye dawa zinaweza kuwa na aseniki. Kama wewe ndo unayebanika fanya moto uwe makaa kwanza ndo upandishe samaki, tumia mti mgumu mkavu, na weka bati au sinia la kukinga mafuta yasidondokee motoni. Kuna jiko linaitwa FTT-Thiaroye, FAO walilitengeneza na wenzetu wa Senegal, ujanja wake mkubwa ndo huo wa makaa na sinia la mafuta, na linapunguza masizi kwa kiwango kikubwa. Vikundi vya akina mama pale mwaloni wanaweza kukaa wakachangishana wakajenga moja la pamoja, afisa uvuvi waulizwe ramani.

Hatua ya tano: samaki mbichi, kuwa makini na aliyeuliwa kwa sumu

Uvuvi wa sumu umekatazwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 lakini kwenye mito na mabwawa bado upo, wengine wanatumia utupa, ule mmea wenye sumu, wengine wanamwaga dawa ya shambani kabisa. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko la samaki wa Ziwa Viktoria kwa Tanzania, Kenya na Uganda kwa sababu watu walikuwa wanavua kwa dawa za wadudu, viwanda vikasimama, wavuvi wakakaa na njaa. Kwaiyo sio hadithi za vijiweni.

Cha kuangalia: lundo lenye samaki wa aina tofauti na saizi zote mpaka vifaranga, hakuna alama ya ndoano mdomoni wala ya nyavu shingoni, bei ni ya kutupa na muuzaji ana haraka. Ukikuta hayo kwa pamoja ondoka. Samaki unaowakuta wanaelea mtoni asubuhi msiokote, hata kama wanatapatapa bado.

Kuhusu ile dawa ya kuhifadhia maiti, watu wanasema ukiona nzi hawatui basi amewekwa dawa. Nzi peke yake sio ushahidi, samaki wa kwenye barafu nzi hawampendi pia. Ukimkuta macho yamezama na wekundu wa mashavu umefifia, yaani ni wa siku nyingi, halafu nyama ni ngumu kama mpira na hana harufu ya samaki kabisa au ana harufu inayochoma pua, hapo mashaka yako yana msingi. Mbichi wa kweli ana mashavu mekundu, macho yamejaa, ukimbonyeza anarudi.

Hatua ya sita: kisu na sufuria

Toa utumbo wote, maini na figo na mashavu tupa, kadimiamu na metali nyingine zinapenda kukaa huko na kadimiamu inaharibu figo zetu polepole bila kelele. Najua kuna wanaopenda maini ya sangara, kwa samaki mkubwa nakushauri acha. Kata mafuta ya tumboni, kata ule mstari mweusi wa nyama unaopita ubavuni, toa ngozi kama samaki ni mkubwa na mnono. Hapo DDT na kemikali za mafuta unazipunguza kweli. Kubanika kwenye wavu mafuta yachuruzikie kwenye sinia, yasidondokee motoni, ni bora kuliko kumchemsha na kunywa supu yake, na mafuta yaliyokaangia samaki mnono usiyatunze ukaungie mboga kesho. Mabaki hayo ya utumbo kuku wa nyumbani wasile, mayai yake utayala wewe.

Na sufuria yenyewe jamani. Zile nzito zinazosubiwa mtaani kwa vyuma chakavu zinaweza kuwa na risasi, na ukipika mchuzi wenye limao na nyanya nyingi ukaulaza humo unazidi kuitoa. Hamna kiwango salama cha risasi kwa ubongo wa mtoto. Mchuzi wa samaki wenye limao pikia sufuria ya stili au chungu, kama huna basi usiulaze, pakua uweke kwenye bakuli.

Kwa wavuvi na wachuuzi kidogo

Hamuhitaji kupuliza dawa. Chumvi ya Uvinza iko hapo jirani, dagaa akikauka mpaka anakatika, akahifadhiwa kwenye mfuko mpya uliofungwa vizuri, akatolewa juani tena kila baada ya muda, mdudu hana nafasi. Betri za taa zikifa msizipasue ufukweni kumwaga ile tindikali, ndani yake kuna risasi nyingi, zirudisheni kwa wanunuzi wa betri chakavu zikiwa nzima. Risasi za nyavu msiyeyushie kwenye jiko la kupikia wala watoto wasizitafune kubana uzi. Ndoo ya dawa ya shamba ikishatumika itobolewe, isirudi kuwa ndoo ya samaki.

Ikitokea mtu amekula na hali imebadilika

Sumu ya dawa za wadudu inakuja haraka, dakika hadi saa chache: mate mengi, jasho, kutapika, kuharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli inachezacheza, pumzi inakuwa nzito. Usimlazimishe kutapika. Maziwa sio dawa ya sumu hii, na mtu aliyelegea ukimnywesha kitu anapaliwa. Mlaze kwa ubavu, mpeleke hospitali hapohapo, kwa walio mjini hospitali ya Maweni iko wazi usiku na mchana, na dawa ya kuzuia sumu hii inatolewa hospitali, nyumbani hakuna. Nenda na mabaki ya samaki, kipande kibichi kama kipo na mfuko alionunuliwa nao, vifunge kwenye plastiki safi, mwambie daktari kanunuliwa wapi na saa ngapi. Wengine waliokula naye nao waende hata kama wanajisikia wazima. Halafu mmoja wenu apige simu kwa afisa uvuvi au viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi, wa mwalo huo na afisa afya wa kata, ili lile lundo litolewe sokoni kabla wengine hawajalinunua na sampuli ifike kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ikiwa bado inapimika, iwekwe kwenye barafu, isiwekwe chumvi wala isikaushwe.